Mwaka wa Pili, Somo la Madeni

Biashara na hesabu, mwalimu Faki kanena:
“Deni lisilo jawabu, hasara, si deni tena.”
Wete, dukani kwa babu, kitabu nikakiona,
majina yamebanana, sukari, ngano, mchele.

Bi Raya, kilo ya unga, “mume yuko safarini”;
Haji, koroboi, kanga, “kafa, msimdaini.”
Kufuta nikajipanga, kalamu i mkononi;
jina moja kule chini, kumbe la mwalimu yule!

“Faki: mchele, kalamu, akihitimu” — nasoma.
“Huyu amekudhulumu!” Babu mizani kapima:
“Ahadi haijatimu, usende kumsakama.
Kwani Faki amehama? Chuoni yungali pale!”