Leja ya Buti

Ufunguo wa stoo nauvaa shingoni
kwa uzi wa kiroba, mwaka wa tisa sasa.
Ndani mna buti jozi arobaini na mbili,
glavu za mpira, miwani, kofia ngumu za njano
ambazo bado zina kibandiko cha bei.
Panya wanazijua kuliko watu.

Simu ikilia kutoka Kigoma mjini,
"wamelala gesti, kesho saa tatu wako kwenu,"
bosi huniita kwa jina la baba yangu,
jina asilolitumia siku nyingine:
"Gwasa, wavishe."

Nawavisha.
Ntakije nampa namba nane, mguu wake ni kumi.
Bigirindavyi anauliza ya kushoto ni ipi.
Ruhwanya, mchochea moto, anacheka:
"Leo sote bwana harusi."
Nami naandika kwa mwandiko wangu wa shule:
imetolewa, saa mbili na robo.
Wageni wakishapanda gari:
imerudishwa, saa saba kasorobo.
Saini. Saini. Dole gumba.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
tuliimbishwa darasani, tukijua ni kuni.
Hapa Uvinza kinga zilikuwa kwenye rafu
na moto uliwaka bila hizo.

Maji ya chumvi hayachemki kama ya ugali.
Yananung'unika, yanakuwa mazito,
halafu tone linaruka
na ngozi inajua kabla ya jicho.
Mwezi wa sita liliruka zaidi ya tone.
Karai lilikunja mguu mmoja, taratibu,
kama ng'ombe anayetaka kulala.
Nyandwi, kijana wa Basanza, alikuwa upande ule.
Buti zilikuwa kwangu, kavu,
hatua hamsini na tatu.
Nimezihesabu: mara ya kwanza nikikimbia,
mara nyingine usiku, peke yangu.

Safari hii alikuja mama mfupi kutoka Tabora,
Bi Kashindye, na mkoba wa kitambaa.
Hakuomba cheti. Mtungi wa zimamoto hakuutazama.
Aliinama,
akapitisha kidole kwenye buti ya Ntakije,
akakiramba.

"Buti hii haina chumvi."

Hata Ruhwanya alinyamaza.

"Bawaba za mlango zina chumvi. Mbwa wenu ana chumvi.
Daftari la mahudhurio limekakamaa kama dagaa.
Buti ya kazi humu huota mistari myeupe.
Hii imetoka kulala. Vua, baba."

Ntakije akavua.
Kisigino kimepasuka kama tope la Ruchugi mwezi wa tisa,
na ndani ya ufa, weupe.
Nimekiona kisigino kile kila siku ya Mungu.
Sikuwa nimekiona.

Bosi akakohoa. "Chai tayari, mama, na migebuka."
"Nimekula gesti. Mtunza stoo nani?"

Msinifanye shujaa.
Nina mtoto kidato cha pili, Kasulu, na ada ya nusu.
Niliwaza kusema leja imeliwa na mchwa,
na mchwa wapo, wangenitetea.
Lakini mkono ulikuwa umeshaitoa kwapani.

Alisoma akisimama, palepale kwenye moshi.
Kurasa zangu safi: asubuhi imetolewa, mchana imerudishwa,
mara moja kwa mwaka, kama sikukuu.
Akafika mwezi wa sita.
Ukurasa mtupu.
Akaweka kidole pale, akaniuliza jina.
Nikalitaja, na la baba yake, na kijiji.

Karai tatu zilizimwa siku ile.
Kuhusu bosi, barua ziko njiani, sijui zitasema nini.

Saa saba kasorobo Ntakije alikuja dirishani
na buti mkononi, mazoea tu.
Nikamwambia nenda nazo.
"Zinanibana, Gwasa."
Nikafungua leja, nikakata mstari mpya:
namba kumi, jozi moja,
haipo, inatakiwa.