Kioo Namba 212

Kimerudi kutoka Mombasa ndani ya bahasha,
kimefungwa pamba kama jino la mtoto:
kipande cha ziwa la Bi Mwanashee Famau wa Mkomani,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kimetiwa rangi ya waridi, na zambarau iliyokolea.

Umeme umekatika. Nageuza kijioo cha hadubini
kidake jua la dirishani.
Nje punda ameziba njia, mtu anamtukana.

Naziona. Chembe za kinga, viduara vyeusi,
zimejipanga ukingoni mwa uvimbe
kama watu waliokuja mazikoni wasimjue maiti:
hakuna anayetangulia, hakuna anayeondoka.
Zilifunzwa utotoni, nyuma ya mfupa wa kifua,
kumpapasa kila apitaye na kumuuliza: u wa nani?
Virusi hujibu kwa lafudhi ya ugenini, hufia mlangoni.
Huyu amejibu kama mwana wa nyumba:

    Mimi ni wenu wa ndani, nilizaliwa nyumbani,
    Sura yenu i usoni, na jina lenu kinywani,
    Weka silaha pembeni, jinyoshe hapa kitini,
    Zamu yako imekwisha, lala, lala, mwangalizi.

Na askari wamelala. Wima, silaha mkononi.
Wengine, wale walaji wakubwa wa mabaki,
amewapa kibarua: wamchimbie mifereji ya damu.
Wanachimba. Hawajui kuwa wamehama upande.

Bi Mwanashee ameingia bila hodi.
"Nipa nami. Mato yangu ni mazima."
Miaka arubaini anashona kofia za vito;
jicho lake huhesabu matundu bila kukosea.
Anafumba moja. Ananyamaza kitambo.

"Hapa," asema, "uzi umekatika."

Naangalia. Kweli. Nilipapita mara tatu.
Pembeni kushoto, askari mmoja, peke yake,
amepenya, amemgandama adui kifua kwa kifua,
na kiini cha adui kimetawanyika
kama tasbihi iliyokatika kamba.

Nataka kumweleza habari za dawa ya dripu
inayowaamsha waliolala, na bei yake,
na kwamba wakiamka wote kwa hasira
huweza kuichoma na nyumba.
Nataka kumwambia mmoja si jeshi.

Yeye keshachukua kalamu yangu ya wino,
anachora kiduara juu ya kioo, taratibu,
kama anavyotia alama kofia asiyoianza.

"Huyu," asema.
"Huyu aliamshwa na nani?"