Jicho Kwenye Unga

Barua ya shule ilikuja ndani ya daftari la hesabu,
imekunjwa mara nne kama inaona haya:
kuanzia muhula huu, Kichina ni lazima.
Lazima ilipigiwa mstari.
Nikauliza, lazima ya nani?
Swabra akapandisha mabega, akaniomba hela ya kitabu.

Saa kumi na moja alfajiri, Kuze yote imelala,
nakanda unga, hiliki nimeshaitwanga,
naye kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, asinzia na daftari.
"Nihoji, mama."
Nitamhoji vipi, na maandishi yenyewe
ni nyayo za kuku juu ya jivu?

Basi nikamwambia, chora hapa. Kwenye unga.
Akachora kwa kidole fimbo mbili zimeegemeana,
moja ikiondoka nyingine yaanguka. Huyo ni mtu.
Nikacheka. Aliyemchora alikuwa na jirani mwema.
Akachora kisanduku kitupu: mdomo.
Huo una njaa, nikasema.
Akachora kisanduku kirefu, ndani vipago viwili vya ngazi:
jicho.
Hilo sikulisahau.

Ikawa ndiyo ada yetu. Kila alfajiri maneno mawili matatu,
kisha nayasukuma, nayakata pembe tatu,
nayatia mafutani, yanavimba.
Watu wa Kuze wamekula milima, wamekula farasi,
wamekula "kesho" na "asante"
na mbaazi za nazi juu yake, wala hawana habari.

Sauti ndiyo iliyonitaabisha.
Ma ikinyooka ni mama, ikibonyea katikati ni farasi.
Wiki nzima mwanangu aliniita farasi
nami nikaitika,
maana kazi zenyewe ni hizo.

Ripoti ikaja. Kichina, B, na neno la pongezi.
Kiswahili, D.

Nikaivua miwani, nikaivaa tena.
D ya Kiswahili, mtoto wa Kuze,
ambaye bibi yake alikuwa akiitwa harusini
kuwatolea watu maneno waliyoyakosa!
Lete hiyo insha niione.

Kalamu nyekundu ilipita kama kuku kachinjwa akaachiwa.
Ndia: kosa. Mtele: kosa. Ndaa: kosa,
kama kwamba aliyeandika hivyo hawezi kuiona njaa.
Na katikati ya ukurasa:
Mato ya mamangu hushinda mekundu kwa moshi wa mafuta.
Mato yamezungushiwa duara mara mbili,
pembeni pameandikwa, Neno hili halipo.

Mwalimu Mulwa si mtu mbaya.
Hula mahamri yangu kwa deni, na mwisho wa mwezi hulipa bila kukumbushwa.
Nikamwekea insha kando ya sahani.
Akaisoma, akaisoma tena, akafuta vidole.
"Mama Swabra, mimi Kiswahili nilikisoma kwa kiboko.
Mtahini hayuko Kuze, wala kwetu Mwingi hayuko."
Kisha, kama anayeongea na chai yake:
"Kwetu sisi ni metho."
Mato, metho.
Tukanyamaza wote wawili.
Akaomba mahamri matano mengine, ya deni.
Ile D hakuifuta.

Usiku ule Swabra akaniuliza, mtihanini niandike lipi?
Andika macho, mwanangu. Upite, uende.
Sikuwa na la zaidi, na usingizi haukuja.

Alfajiri nikatandaza unga kabla hajaamka vizuri.
Nikachora mwenyewe, kwa kidole changu chenye kovu la mafuta,
kisanduku na vipago vyake, kisha cha pili ubavuni,
kwa kuwa mtu hana moja.
Soma.
Akasoma Kichina, sauti imeshuka inavyotakiwa.
Tena.
"Macho," akasema.
Tena.
Akanitazama. Karai lilikuwa limeshaanza kufuka moshi.
Akanitazama vizuri,
akasema.