Nyundo ya Kusikilizia

Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa mistari minne.
Mhandisi Rwiza aliisoma mara mbili,
akaigeuza kuangalia nyuma
kama anayetafuta hesabu zilikofanyiwa.
"Unakwenda kuandika magari?"
Magari, mkuu.
"Magari ya nani?"
Nikasimama pale na kofia yangu ya plastiki mkononi.

Miaka kumi na mmoja, karakana ya reli, Tabora.
Magurudumu ya mabehewa tuliyapima kwa nyundo:
unagonga, unatega sikio.
Chuma kizima huimba.
Chenye ufa hujibu kwa mkato, ko,
kama mtu uliyemuuliza habari za nyumbani
naye hataki kusema.
Hilo sikulisoma chuo.
Nilifundishwa na Kashindye, fundi daraja la tatu,
kiziwi wa sikio la kushoto.

Sikuondoka kwa hasira. Niliondoka kwa neno moja.
Niliandika katika ripoti: *behewa hili limechoka.*
Ikarudi na wino mwekundu:
*ondoa "limechoka", weka "limepungua ufanisi".*
Nikaondoa.
Mwezi uliofuata nikaandika tena limechoka.
Wakaondoa wenyewe.

Wenzangu hawakunielewa.
Lori ndilo lililotupokonya tumbaku ya Urambo,
likaja likabeba na chumvi ya Uvinza,
leo mtu wetu anakwenda kulipamba gazetini!
Masele akaniita msaliti huku anacheka,
kisha akaacha kucheka.
Mama aliuliza jambo moja tu:
kadi ya bima, unairudisha?
Nairudisha, mama.
Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Gari langu la kwanza kuliandika lilikuwa Canter ya Milembe,
anayesomba asali kutoka Sikonge.
Kirungu cha giya kimevaa soksi ya mtoto,
ya njano, kidole gumba kimetoboka.
Giya ya pili haiingii kwa nguvu, alisema,
inabembelezwa, na ukiitukana inakurudishia.
Nyuki watatu walisafiri nasi hadi Ipole
wakidai mali yao kwenye kioo.
Niliandika yote hayo gotini,
mwandiko ukirukaruka kwa kila shimo,
na nilikuwa na furaha ya kijinga
ya mtoto aliyetoroka shule siku ya mtihani.

Tuliposimama kupoza injini
nikatoa nyundo. Ndiyo, niliondoka nayo;
katika barua ya makabidhiano haimo.
Nikagonga chasisi, upande wa kulia, juu ya springi.
Ko.
Nikagonga tena, labda sikio limechakaa.
Ko.
"Najua," Milembe alisema, hakunitazama.
"Tangu Pasaka. Usiliandike hilo. Wenye asali watanikimbia."

Zamani ningefunga kadi nyekundu,
sahihi, tarehe, halitembei.
Mwandishi hana kadi.
Ana kalamu, na mtu anayemwomba.

Katika uhandisi, ukishapata jibu
unaongeza nusu yake, fungu la woga:
kamba ya tani mbili ipewe uzito wa tatu.
Sentensi haina fungu hilo.
Ikibeba zaidi ya uwezo wake inakatika hapo hapo,
na aliye chini yake ni Milembe.

Usiku, Isevya, umeme ukakatika, nikaandika kwa taa ya simu.
Soksi niliiweka. Nyuki niliwaweka.
Kuhusu ufa niliacha mstari mtupu
nikaukodolea macho hadi treni ya Kigoma ikapiga honi,
imechelewa saa nne, nikajikuta
nahesabu mabehewa kwa mlio.

Asubuhi nilikwenda kwake na fundi wa kuchomelea.
Malipo ya makala yatalipa, nilimwambia fundi.
Gazeti halijanilipa hadi leo;
nikipita Bachu napitia uchochoro wa nyuma.

Makala ilitoka Jumamosi. Katikati, safu ya pili,
imeandikwa: *gari hili lilikuwa limechoka.*
Hakuna aliyeliondoa.

Ila siku ile ya kuchomelea, moshi ulipotulia,
niligonga mara ya mwisho.
Hakikuimba, nisiseme uongo.
Kilijibu.