Gramu Thelathini na Nane

Mtaa wa Biashara, duka la tatu kutoka kwa muuza vitenge,
Hasmukhbhai anashusha miwani puani,
ananiuliza kwanza kama ni ya wizi.
Nacheka. Sijui nijibu nini.

Anaisugua nishani kwenye jiwe jeusi,
anadondosha tindikali, tone moja,
tunangoja.
"Fedha," anasema. "Fedha safi."
Na kwa lugha yetu hii isiyo na haya
fedha ni fedha: madini, na pia kodi ya nyumba.

Upande mmoja mwanamume amepiga goti,
bunduki begani, jicho moja limefumbwa
tangu mwaka elfu moja mia nane sabini na nne.
Hajafyatua bado.
Upande wa pili, shada la majani ya mti nisioujua,
na katikati, palipochorwa jina la mshindi,
pamelainika kama kipande cha sabuni.

Hapo ndipo alipo babu yangu.

Muindi wa Nzioki, mtoto wa warina asali na warusha mishale,
aliyenyang'anywa upinde kwenye kizuizi cha Athi River
akapewa kitambaa.
Kila Jumamosi, nyumba ya mawe kule Karen:
majivu, ndimu, kidole gumba,
nishani ya babu yake bwana ing'ae juu ya meko
kabla wageni hawajaja na mbwa wao.
Miaka kumi na tisa.
Hakulenga kitu. Alisugua tu,
na herufi zikaondoka na majivu, moja moja,
bila mtu kuona, hata yeye.

Bwana alipofunga masanduku, alidaiwa mishahara ya miezi mitatu.
Akaishusha nishani ukutani.
"Chukua, Muindi. Ina thamani."
Babu akaitia kwenye kopo la Kimbo
na hakuisugua tena. Ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Gramu thelathini na nane," anasema Hasmukhbhai.
"Ingekuwa na jina ningekuongeza.
Wako watu wanaonunua majina.
Hii nitaiyeyusha tu. Elfu nne na mia tano."

Namwomba apime tena.
Safari hii naweka kidole gumba changu juu yake,
pale palipolainika,
nambari zinapanda, zinapanda,
naye ananikemea:
toa mkono, mama,
unaidanganya mizani.