Chokaa

Tononoka, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
Daktari Swabra amenitandika mpira wa kijani mdomoni.
Jino limechomoza peke yake
kama mtoto aliyefukiwa mchangani na wenziwe.
Siwezi kusema. Kwa fundi, hiyo ni adhabu.

Miezi minne nililidanganya.
Kwanza karafuu. Kisha maji ya chumvi.
Kisha vidonge vya Mwembe Tayari, nusu vyekundu nusu njano,
vinne leo, viwili kesho,
vilivyosalia nikamgawia Mwinyikai, naye ana lake.
Uvimbe ukashuka. Nikatamba.
Uvimbe ukarudi na nduguze.

"Dawa ya kumeza husafiri na damu," asema,
picha ameiinua kwenye mwanga,
"na jino hili lilikufa zamani, damu haiingii mle.
Umekuwa ukipeleka barua nyumba isiyo na mlango."
Nataka kumwuliza lilikufa lini,
nilikuwa wapi siku hiyo,
mbona hakuna aliyenipa mkono wa pole.
Inatoka sauti moja: ng'aa.
"Tulia, mzee."
Mzee! Nina arubaini na saba.

Visindano vyake vyembamba avisokota kwa vidole viwili,
robo mzunguko, juu, chini,
amwambia msaidizi, "Ishirini na moja.
Huu wa nyuma kumi na tisa na nusu."
Milimita. Mimi hupima kwa shubiri na kamba.
Mifereji mitatu, kumbe.
Nimebeba taya yenye vichochoro kama Kibokoni
na sikuwahi kupita.

Kisha harufu.
Naijua! Ndiyo ile Mwanasiti hutia beseni,
kifuniko kimoja, kanzu ziwe nyeupe kwa Ijumaa.
"Ukoo mmoja," acheka daktari,
"ila hii ina vipimo vyake, usije ukajitibu nyumbani."
Amimina, anyonya, amimina.
Huko chini wasioonekana wamejenga,
ute juu ya ute, mtaa juu ya mtaa.
Bakteria akiwa peke yake hufa upesi, asema.
Wakishajenga, ndipo kazi.

Mwisho achota kitu cheupe.
"Chokaa."
Nafumbua macho.
Chokaa ileile
niilowekayo pipani siku arubaini, ikanila kucha?
Ileile bibi aliyoipaka tambuu kwa ncha ya kidole?
Nikacheka, mpira ukatetemeka,
msaidizi akadhani nalia.

"Ikae wiki mbili. Wengi hawaistahimili.
Yuko mmoja, sugu, hujikunyata akangoja."
Huyo namjua.
Yuko kwenye ukuta wa kina Shekue.
Nimeukwangua hadi matumbawe, nikaupaka mara tatu,
na kila masika doa hurudi palepale,
umbo la figo, bichi,
kana kwamba sijagusa kitu.
Mwenye nyumba alitaka nipake rangi juu, yaishe.
Nilikataa. Nikamtolea na hotuba.
Na jino langu nikalipaka rangi miezi minne.

Wiki mbili. Afungua, anusa.
Hasemi.
Amimina tena.

Jino la pembe si dawa ya pengo, akisema mama,
kiganja mdomoni, akificha lake.
Lake lilitoka kwa koleo, asubuhi moja,
hakuna aliyemwambia
kuwa jino maiti huoshwa
likabaki na walio hai, likala nao.

Mara ya tatu halikunuka.
Akaijaza mifereji utomvu wa mti nisioujua,
wa waridi, kama ufizi wa mtoto,
akafunga.

Haliumi. Nikiligonga kwa kijiko, kimya.
Usiku natafuna mkate wa mofa upande ule,
polepole, kama mtu akanyagaye dari aliyoitengeneza mwenyewe.

Kesho napanda ngazi kwa Shekue.
Nitalinusa kwanza lile doa.