Kumchagulia Adelino Mchezo

Kompyuta niliipata kiwanda cha sufu kilipofungwa,
kibandiko cha mali ya ofisi bado kimo ubavuni: namba 2063.
Nikaipandisha ngazi za Covilhã nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa,
ngazi zile zile zilizomla baba magoti
miaka thelathini na minne ya mkoba wa posta.

Sasa anakaa. Anautazama mlima dirishani
na mlima haumtazami.
Nikasema: nitamtafutia pa kutembea.

Kwa siku tatu, usiku, nilicheza peke yangu, nikichuja.
Wa kwanza ulikuwa na bunduki. Hapana.
Alishika moja ya kweli akiwa na miaka ishirini na moja, ng'ambo,
na hadi leo zikilia fataki za sikukuu hujifungia chooni.
Wa pili ulikuwa na saa pembeni, inahesabu kurudi nyuma.
Mgeni hupewa jembe siku ya tatu;
ule ulitaka alime kabla hajavua kofia.
Wa tatu, chombo cha angani,
sauti moja tu ya mwanamke redioni, nyota za kumwaga.
Mzuri. Nililia kidogo.
Lakini hauna hata mlango mmoja wa kubisha,
na baba bila mlango ni nani?

Nikachukua ule wa kijiji kando ya ziwa.
Watu wamehama, haijulikani kwa nini;
vikombe viko mezani, redio inanong'ona,
na kila droo ina barua.
Ukizisoma zote, unaambiwa, utajua.
Hakuna wa kukuua. Hakuna wa kukuharakisha.
Nilijipongeza kama mshenga aliyekubaliwa posa.

Jumapili, baada ya supu, nikamketisha.
Mkono huu ni miguu, baba, na huu ni shingo.
Alitembea akitazama dari.
Aligonga ukuta, akauomba radhi.
Nusu saa nzima alisimama penye kidimbwi
kwa sababu mvua ya humo ilikuwa inanyesha vizuri.
"Nani kaichora hii?"
Sikujua.
"Natumaini alilipwa."

Kisha droo. Kisha bahasha.
Bonyeza, nikamwambia, inafunguka.
Akauondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimechemka.
"Si yangu."
Baba, ni mchezo.
"Ina jina la mtu. Evelina. Namba tisa."

Nikaeleza: hadithi yote imo humo ndani,
usipofungua hakuna hadithi, ni nyumba tupu na mvua.
Alinisikiliza kwa adabu ile aliyokuwa akiwapa mbwa wa wateja,
akageuza shingo kwa mkono wa kulia,
akaitafuta barabara.

Nikaenda kulala.

Alfajiri mwanga wa skrini ulikuwa bado usoni pake, samawati.
Barua kumi na saba amezitoa kwenye droo, moja moja,
maana mchezo unaruhusu kubeba kitu kimoja tu,
na kila moja ameilaza kizingitini pa mwenyewe,
upande wa jina juu, kona imebanwa na jiwe.
Sikujua kwamba mawe ya humo yanaokoteka.
Hakuna kengele iliyolia. Hakuna kitasa kilichogeuka.
Waliokijenga kijiji hawakumfikiria mtu huyu.

Alikuwa amesimama mbele ya namba tisa.
Yaani, alikuwa ameketi, miguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi,
lakini alikuwa amesimama mbele ya namba tisa.

"Umechagua vizuri," akasema.
"Vilima vyote hivyo, na goti halikulia."
Kisha, bila kugeuka:
"Upo mwingine ambao watu wako nyumbani?"